Ndoa ya Mama wa Lodi

Amefariki Jumanne. Habari nimeletewa na muuza kahawa wa Edgware Road, huku Uingereza tunakoishi, maana mimi na marehemu tulikuwa hatupigiani simu tena. Wengi mlimjua: mtu wa Unguja, karani wa manispaa, mpole, mpenda mzaha. Sisi wa meza yake ya kahawa tulimwita Lodi, na haukuwa utani mtupu. Baba yake alikuwa ofisa wa Kiingereza kule Unguja, mrithi wa ubaroni, cheo cha malodi wa kwao, na cheo hicho hurithiwa na mtoto wa kiume wa ndani ya ndoa tu. Wa nje hapati, hata awe kamtoa baba yake pua na masikio. Baba alipokufa, Lodi akahesabiwa wa nje, cheo kikaenda kwa mtoto wa ndugu wa baba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini aliniletea cheti cha kadhi cha ndoa ya wazazi wake, nikifasiri kwa ajili ya mawakili wa jamaa za baba. Kwetu kila mtu anajua: Mzungu akitaka kuoa binti yetu husilimu kwanza, hupewa jina jipya, na huandikwa bin Abdalla. Ndivyo ilivyoandikwa. Jina la Kiingereza halikuwamo. Akaniomba niieleze desturi hiyo chini ya ukurasa. Nikakataa, nikajitia kusema mfasiri haongezi neno. Uongo mtupu! Maelezo ya namna hiyo yanaruhusiwa, nami nimeyaandika mara nyingi. Niliona haya tu, mawakili wasije wakadhani nampigia debe mtu wa kwetu. Hakunibembeleza. Alisema, "Cheo wakae nacho. Mimi nataka waseme mama yangu alikuwa mke." Mawakili wakajibu kwamba bwana harusi huyo hawamjui ni nani, na shauri likaishia hapo.

Juzi makaburini, wakati wa talkini, maiti akikumbushwa imani yake kaburini, mwalimu alimwita kwa jina lake na la mama yake, kama aitwavyo kila maiti wetu. Wenzangu wakaitikia amina. Tangu hapo kila nikishika karatasi ya kufasiri naisikia sauti ya marehemu, taratibu, haina hasira. Afadhali ingekuwa nayo. Basi naandika leo: mama yangu mzazi alihudhuria harusi ile, na bwana harusi alikuwa ni ofisa yule yule. Mama wa Lodi alikuwa mke. Ni mstari mmoja tu, na aliyeuhitaji nimemzika. Ndugu zangu, mkijua neno la kumsitiri mwenzenu, lisemeni angali hai.