Handaki Langu la Parklands

Siku fundi wa mtandao alipofunga VPN zote kazini, nilitaka kumng'oa masikio. Nilikuwa karani wa mafaili katika kliniki ya meno huko Parklands, chini kwenye besimenti, ambako simu haishiki kitu isipokuwa waifai ya kazi. Waifai hiyo ilikataa kamera yangu ya nyumbani Kileleshwa, kwa hivyo nilipitia VPN, kama handaki chini ya ukuta. Kila saa ikigonga, dada wa kazi alimwinua mtoto wangu mbele ya kamera, na hakumshusha mpaka anisikie nikisema, "Nimemwona."

Nilipanda ngazi nikihema. "Wewe, umenifungia mtoto!"

"Madam, vichochoro kama hivyo ndivyo vinavyoingiza wezi. Nimeziba vyote."

"Kwani mimi nafanana na mwizi?"

Kabla hajajibu, mlango wa bosi ulifunguka kwa kishindo. "Nani amekata mechi yangu ya kriketi?"

Kumbe naye alikuwa na handaki lake! Fundi alivikodolea macho viatu vyake. Bosi alituona tukimtazama, akakohoa, akasema kwa sauti ya kanisani, "Huyu mama afunguliwe kamera peke yake. Hiyo ya kriketi… isahau tu."

Fundi aliiruhusu kamera, bila VPN. Picha ilipokuja, dada alikuwa bado amesimama, mtoto juu.

"Mama Baby, sema umemwona!" alifoka. "Nimembeba hivi tangu saa nne, na huyu amekunywa uji!"

"Nimemwona," nikasema. Saa ilikuwa nne na nusu.