Kiboko Aliyeondoka na Hema, na Kapita Aliyenyamaza

Saa kumi alasiri, jua likiwa limeshuka upande wa ziwa, Papa Barthélemy Karangwa analala kifudifudi mbele ya wageni wanne. Shavu lake la kulia liko juu ya majani. Mikono ameinyoosha kama padri siku ya kupewa daraja. Hasali, wala hajaugua. Anatafuta mahali pa kusimamisha hema.

Anainuka, anasogea hatua tatu, analala tena. Mgeni mmoja, mwalimu Mbelgiji kutoka Bukavu, anatoa kamera yake. Mke wake anauliza kwa sauti ya chini kama mzee huyu ana kifafa.

“Hapana, Madame,” anajibu mpishi, Viateur Hakorimana, huku akimenya viazi. “Anaulizaka udongo habari. Udongo ikichelewa kujibu, sisi wote tunalala inje.”

“Viateur, angalia viazi yako,” anasema Karangwa bila kuinua kichwa.

“Ninaangalia, Papa. Kiazi moja hapa pia inataka kukusalimia.”

Hatimaye mzee anasimama, anajikung'uta magoti na kupiga kigingi cha kwanza. Dakika kumi na mbili baadaye hema la kijani limesimama, kamba zote zimenyooka sawasawa. Wageni wanapiga makofi. Karangwa anatazama chini, kama mtu aliyepewa sifa mbele ya kanisa kwa sadaka aliyoitoa jirani yake.

Karangwa ni kapita, yaani msimamizi, wa hema, cheo ambacho hakiandikwi katika orodha yoyote ya serikali, lakini bila hicho serikali yenyewe ingelowa mvua. Anamfanyia kazi Bwana Pierre, Mbelgiji mwenye lori mbili na hema tisa, anayewaleta wageni kulala ukingoni mwa ziwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Wafanyakazi wanaiita Parke, na kwao ina wanyama wa aina mbili: wale wanaotazamwa, na wale wanaokuja kutazama.

Kwa makisio ya parokia, ana umri wa miaka arobaini na minane. Alizaliwa Kirolirwe, katika nchi ya ng'ombe, akahamia Kibabi alipomwoa Mama Emérita. Wana watoto watano na shamba la maharagwe lililosimama wima hivi kwamba, kwa maneno yake, anayelima juu anaweza kumwangukia anayelima chini. Tangu mwaka 1946 amebeba hema. Kubwa lina kilo thelathini na nne likiwa kavu. Likinyeshewa linafika arobaini na tano, na goti lake la kushoto linazijua kilo hizo moja moja. Kila mwezi hulala nyumbani usiku nane au tisa tu.

Jioni hiyo, wageni wakiwa wamekwenda kutazama ndege, anaketi juu ya sanduku la vigingi. Mwandishi wa habari hii anamwuliza swali ambalo kila mgeni humwuliza: nani alimfundisha kulala chini namna ile?

Miaka mitatu sasa amejibu, “Nilijifunza tu.” Leo jibu ni lingine, na Viateur anaacha kumenya.

“Ni Émile,” anasema. “Muandike vile. Émile wa Walikale. Na ni mimi njo nilimufukuzisha.”

Ilikuwa Septemba 1954. Bwana Pierre alikuwa amemwajiri kijana wa miaka ishirini na sita, Émile, mtoto wa wawindaji wa msitu wa Walikale, kwa kuwa alijua nyayo. Hakusema sana. Alimwita Karangwa “Papa” na kumpokea mzigo bila kuombwa. Kila walipofika mahali papya, alilala kifudifudi na kutazama ardhi kutoka pembeni, wakati jua la alasiri linapotia kivuli katika kila kishimo. Wafanyakazi walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa kapita.

Siku hiyo walifika ukingoni wamechelewa, na wageni watano wenye njaa. Karangwa aliona njia pana, safi, inayoshuka majini. Nyasi za pande zote mbili zilikuwa fupi kama zimenyolewa kwa ajili ya Pasaka. Moyo wake ulifurahi.

“Kwetu Kirolirwe, njia kama ile iko ya ng'ombe,” anaeleza. “Baba yangu alijenga nyumba yake zote tatu pembeni ya njia ya ng'ombe. Pale ng'ombe imekanyaga, udongo ni ngumu, maji haikaliki, nyoka haipendi. Nikasema, hapa batalala kama ba-monseigneur, kama ba-askofu.”

Émile alilala chini, akainuka. “Papa, tusiweke hapa,” alisema. “Kuko mifereji mbili, na kigongo katikati. Ng'ombe inachimbaka mufereji moja, kwa sababu inapita moja nyuma ya ingine. Hii ni nyama moja yenye tumbo kubwa, miguu yake iko mbalimbali. Ni kiboko. Tupeleke hema kule juu kwenye mawe.”

“Ni ng'ombe mbili zinapita pamoja,” alijibu Karangwa.

“Ng'ombe ya nani, Papa? Tuko mu Parke.”

Lilikuwa swali zuri. Katika Parke nzima hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, na kapita alijua hilo vizuri kuliko jina la mama mkwe wake. Lakini wafanyakazi wengine wanne walikuwa wanasikiliza.

“Mutoto wa pori,” alisema, “wewe uliona ng'ombe wapi, utanifundisha njia yake?”

Wote wakacheka. Émile akachukua nyundo na kuanza kupiga vigingi pale alipoambiwa.

Kilichofuata kinajulikana wilaya nzima ya Masisi na kimeongezewa chumvi katika kila kilabu cha pombe ya ndizi. Ukweli hauhitaji chumvi. Kabla ya saa tano usiku kiboko alitoka majini kwenda kula majani, akakuta katika njia yake nyumba ya kitambaa, na hakuona sababu ya kuzunguka. Aliingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Hema lilimng'ang'ania mabegani na kamba zake zote zikiburuta nyuma, naye akapanda mlima polepole kama askofu mwenye joho la kijani. Wanaosimulia huishia hapo, na wanaosikiliza hucheka.

Karangwa haishii hapo. Ndani ya hema kulikuwa na bibi mmoja wa miaka sitini. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Walimbeba juu ya kitanda cha turubai mpaka kwenye lori, na kila shimo la barabara alilia kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Asubuhi Bwana Pierre aliwapanga wafanyakazi mstari mmoja. Aliuliza nani alichagua mahali.

“Nilikuwa wa kwanza mu mustari,” anasema Karangwa. “Mudomo yangu ilikuwa na jibu. Nikafikiri watoto, nikafikiri kofia ya kapita. Nikasema: ‘Bwana, ni Émile njo alikuwa wa kujua nyama.’ Basi. Haikuwa bongo, haikuwa uongo. Alikuwa wa kujua nyama. Ni vile nilijidanganya mpaka leo: sikusema bongo.”

Émile alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo linalomsumbua Karangwa. Alimtazama kama mtu anayempisha mzee mlangoni, akingoja apite kwanza. Wengine wanne walijua ukweli pia, nao walipata jambo la maana sana la kutazama kwenye vidole vya miguu yao. Viateur alikuwa mmoja wao.

“Mimi nilitazama kidole kikubwa,” anasema mpishi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hafanyi mzaha.

Bwana Pierre aliandika mstari mmoja kwa wino mwekundu katika kitabu cha kazi cha Émile: mzembe, amehatarisha maisha ya wageni. Kabla ya saa sita kijana alikuwa barabarani.

Mwisho wa mwezi Karangwa alirudi Kibabi. Mama Emérita alimpokea kwa furaha, akamshukuru kwa sabuni na kilo mbili za chumvi.

“Chumvi gani?” aliuliza Karangwa, aliyekwisha kuusahau mzigo ule.

“Ile ulituma na kijana ya Walikale. Ule Émile. Alilala hapa siku moja, mvua ilimupiga. Alisema: ‘Papa iko muzuri, anawasalimia.’ Akapasua kuni mbele ya kwenda. Iko na adabu sana. Ulimupata wapi?”

Ilikuwa kweli kwamba siku mbili kabla ya kiboko, Karangwa alimkabidhi Émile mzigo huo ili atafute mtu wa kuupeleka nyumbani. Aliufikisha mwenyewe, kwa miguu, akiwa njiani kurudi kwao bila kazi. Nyumbani kwa aliyemponza alikula maharagwe, akashukuru, na hakumtaja kiboko.

“Nilikula ile chumvi miezi mitatu,” anasema Karangwa. “Mama anatia mu chakula, mimi ninameza. Sikuweza kumuambia.”

Tangu hapo hulala kifudifudi kila mahali papya. Lakini hapa ndipo aibu yake ilipofanya mchezo mbaya kuliko wa kiboko: wageni walipenda. Waliandika barua za sifa. Bwana Pierre alianza kumwonyesha kama kitu cha ajabu cha safari, “kapita wangu anayesoma ardhi”. Kwa miaka mitatu Karangwa amevaa sifa za mtu mwingine, na kila alipopigiwa makofi alitamani ardhi anayoisoma imfunike.

Wachuuzi wa mafuta ya mawese wanaopanda kutoka Walikale huleta habari. Émile ameomba kazi mara mbili, kwenye mgodi na kwa watengeneza barabara. Mara zote mbili karani alifungua kitabu, akaona wino mwekundu, akakifunga. Sasa anawinda kwa nyavu pamoja na wajomba zake. Ana mke na mtoto mchanga.

Hadithi inapokwisha, mwalimu wa Bukavu na mke wake wanarudi kutoka ziwani. Bwana Pierre yuko nao. Mwalimu anamwambia kwamba kapita huyu angefaa kuwekwa kwenye kadi za posta.

Karangwa anasimama. Anavua kofia, anaishika kwa mikono miwili.

“Bwana,” anasema, “ile kazi ya kulala chini ni ya Émile. Na ile nafasi ya kiboko, ni mimi nilichagua. Alinikataza. Nilimucheka.”

Bwana Pierre haelewi mara moja. Viateur anaweka kisu chini. “Ni kweli, Bwana. Mimi pia nilikuwa mu mustari.”

Mzungu anatazama hema, kisha ziwa, kisha kofia. “Miaka mitatu, Barthélemy,” anasema. “Miaka mitatu nawaambia watu habari zako.” Anaongea polepole kwa sababu yeye pia, inaonekana, anaukumbuka wino wake. Alimwuliza mtu mmoja tu, akaridhika, akaandika.

Anachukua kofia. Kuanzia Jumatatu Karangwa ni mpagazi wa kawaida. Na kitabu cha Émile? “Kikiletwa mbele yangu, nitaufuta mstari ule na kuandika upya. Bila kitabu siwezi kuandika hewani.”

Siku tatu baadaye, Kibabi, Mama Emérita anasikia yote kwa mara ya kwanza. Anasikiliza amesimama, mkono ukiwa kwenye mwimo wa mlango. Halafu anaingia ndani, na kwa muda mrefu sufuria zinagongana bila sababu.

“Nilimupa maharagwe ya jana,” anasema akitoka. “Kama ningelijua, ningelimuchinjia kuku. Ulinifanya nimupokee kama mupita njia.”

“Najua, Mama Emérita…”

“Usiniite. Utaondoka lini?”

Anaondoka Alhamisi. Kutoka Kibabi mpaka kijiji cha Émile ni mwendo wa siku tatu, kupanda na kushuka, halafu msitu. Atakwenda bila mzigo wa mgeni yeyote, jambo ambalo hajafanya kwa miaka kumi na moja, na anakiri kwamba mabega yake hayajui yatafanya nini. Mama Emérita amemfungia jogoo, lakini amemwonya kwamba jogoo si malipo, na asimtoe kabla ya kusema alichokwenda kusema.

Viateur alijitolea kumtungia hotuba. Ilikuwa na Kifaransa mahali pawili na Kilatini mahali pamoja. Karangwa aliisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akaikataa. Atasema mbele ya mke wa Émile na wajomba zake wote, kwa sababu uongo wake aliusema mbele ya watu. Kisha ataomba kitabu, akipeleke kwa Bwana Pierre, akirudishe mkononi mwa mwenyewe.

Na Émile asipotaka kumwona? Akifunga mlango?

Karangwa anahesabu kwa vidole. Mpagazi ana siku nane za mapumziko kwa mwezi: tatu za kwenda, tatu za kurudi, zinabaki mbili.

“Hizo mbili nitakaa inje ya mulango,” anasema. “Akikataa, nitarudi mwezi ujao. Na ule mwingine pia. Njia nitakuwa ninaijua.”