Mwano Nyuma ya Mlango wa Chuma

Watu wakisikia kwamba mimi, mtoto wa wachunga ng'ombe wa Didia, niliwahi kuwa baharia wa manowari, kwanza hucheka, halafu huniuliza kama ni kweli bahari ina chumvi. Nawajibu kwamba ina chumvi na inanuka mafuta ya injini. Nikiwa na hasira, yaani siku nyingi tu, nawaambia waende wakailambe wenyewe. Hakuna anayeniuliza habari ya mlango, kwa sababu hakuna anayeijua ila watu watatu, na mmoja wao keshafariki.

Kabla ya bahari kulikuwa na mgodi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nafanya kazi chini ya ardhi kwenye dhahabu ya Geita, mimi na kijana mwenzangu tuliyetoka naye Didia. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na mbuga moja tu ya mpunga. Mgodini yeye alikuwa fundi wa magogo, wale wanaosimamisha nguzo za kuzuia mwamba usiwaangukie watu. Siku moja mwamba haukuzuilika. Ulinifunika mpaka kifuani, wenzangu wakakimbilia nje, nami nikapiga mwano.

Asiye Msukuma nimweleze. Mwano ni yowe, lakini si kila yowe ni mwano. Ni sauti ndefu inayopanda na kushuka, na mtoto wa kwetu huijua kabla hajajua kufunga mlango wa zizi. Ukiisikia unaacha chakula mdomoni, unakamata rungu, unakimbilia inakotoka. Usipokwenda, vijana wa kijiji na kiongozi wao, nsumba ntale, watakukalia kikao, na baada ya kikao hicho hata kijinga cha moto hutapewa na jirani. Wala hakuna anayeupiga kwa mchezo. Mimi niliupiga kwa mchezo nikiwa mdogo, mara moja tu, na baba alinichapa mpaka nikajikojolea. Kwa hiyo mtu akiupiga, jua ana shida ya kweli.

Yule mwenzangu aliusikia, akageuka, akarudi ndani wakati wengine wote wanatoka. Alinifukua kwa mikono. Kucha mbili zilimtoka, na muda wote huo alikuwa akinitukana, kwamba mimi mzito kama dume la ng'ombe na kwamba heri angeuacha mwamba unile. Nilipotoka nilikuwa nalia bila aibu, naye akanipiga kofi ninyamaze.

Baada ya hapo hatukuitaka tena kazi ya chini. Tuliposikia kwamba jeshi la majini linatafuta vijana wenye nguvu, tukaenda kuandikishwa bila kujua kuogelea. Mama yake alitusindikiza mpaka stesheni ya Shinyanga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye badala ya kuitikia alinishika mkono wa kulia, akaubana.

"Wewe ndiye mkubwa," aliniambia. "Namkabidhi kwako. Unirudishie mzima."

Nikamwambia nitamrudisha mzima. Maneno mepesi sana ukiwa umesimama stesheni na treni inapiga honi.

Mombasa tulifundishwa kwa kipigo. Mkufunzi wetu alikuwa Mzungu mfupi mwenye masikio mekundu, na mkononi hakukosa kipande cha kamba chenye fundo mwishoni. Ukichelewa kupanda ngazi, kamba. Ukitapika sitahani, kamba, halafu unadeki. Vijana wa pwani walituita washamba wa ng'ombe, na tulipigana nao karibu kila wiki. Mwenzangu alimng'oa mmoja meno mawili kwa kichwa, kisha akamshika mkono kumpeleka kwa daktari. Ndivyo alivyokuwa. Mimi nilipigana kwa roho mbaya zaidi, na nilikuwa na tamaa moja: tepe. Katika kundi letu mmoja tu angepewa tepe begani baada ya zoezi la mwisho, na nilikuwa nimeshajiona nikishuka nalo Shinyanga.

Zoezi la mwisho lilichukua siku nne mbali na nchi kavu. Mizinga ilipigwa mpaka damu ikamtoka mtu puani. Tulizimishwa moto wa kweli uliowashwa kwenye mapipa, na aliyeogopa alisukumwa kwa teke aukaribie. Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya kumalizia. Tuliambiwa kwamba meli imetobolewa ubavuni na adui. Chumba kimoja cha chini kabisa kingeingizwa maji ya bahari kwa bomba, na mtu mmoja angefungiwa humo alizibe tundu kwa magodoro na magogo. Mtu mwingine angesimama nje kuulinda mlango wa chuma, usifunguliwe mpaka filimbi ya kumaliza, kwa sababu mlango ukifunguliwa maji yataenea na meli nzima ihesabiwe imezama.

Kwa kuwa alikuwa fundi wa magogo, aliyeingizwa ndani ni mwenzangu. Mlangoni wakaniweka mimi. Aliingia akicheka, akaniambia kwa Kisukuma kwamba safari hii ni zamu yangu kumfukua. Nikafunga, nikasukuma makomeo, nikaweka mkono wangu wa kulia juu ya komeo kubwa kama nilivyoamriwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nilimsikia akigonga magogo kwa nyundo, akiimba. Maji yalikuwa yanaunguruma kwenye bomba. Kisha wimbi kubwa likaipiga meli, tukainama wote upande mmoja, nikasikia kitu kizito kikianguka ndani, halafu kelele. Sikushtuka. Tulikuwa tumeambiwa tupige kelele kama watu wanaokufa, ili zoezi lifanane na vita, na koridoni kote vijana walikuwa wakipayuka mpaka masikio yanauma.

Halafu akapiga mwano.

Miguu yangu ilishageuka kabla sijafikiri. Nilimwambia mkufunzi, "Bwana, mle ndani mtu ameumia kweli."

"Kelele ni zoezi," alisema. "Simama mlangoni."

"Bwana, hiyo si kelele. Kwetu hiyo—"

Kamba ilinipata sikioni, fundo likachana, damu ikashuka shingoni. Alinisogelea mpaka kofia yake ikanigusa kifua. "Fungua, na meli imezama. Watu wote wamekufa. Na wewe, tepe hakuna."

Ndani, mwano ulipigwa mara ya pili.

Niseme ukweli kama ulivyokuwa, maana nimechoka kuupamba. Yule mkufunzi ningeweza kumwinua kwa mkono mmoja na kumtupa ngazini. Mkono wangu mwingine ulikuwa juu ya komeo, na komeo lilikuwa limepakwa mafuta asubuhi ile, lingeteleza lenyewe. Sikuogopa kamba. Nililitaka tepe. Nilisimama pale, damu inanitiririka, nikakaza macho kwenye rangi ya mlango, nikajiambia kwamba labda bado kidogo tu filimbi italia. Mwano wa tatu ulikatikia katikati kwa sababu maji yalimwingia mdomoni. Hata hapo sikufungua.

Filimbi ilipolia nilivuta mlango kwa nguvu zote, maji yakatufagia miguu. Nilimkuta amenyoosha shingo, kidevu juu. Gogo lilikuwa limeubana mkono wake wa kulia kwenye mbavu za meli, na chini ya gogo hapakuwa tena na kiganja cha kuitwa kiganja. Nililiinua gogo peke yangu. Maji ya chumba kile yalikuwa mekundu mpaka magotini. Alinitazama, meno yanagongana.

"Uliusikia?" aliniuliza.

"Injini zilikuwa na kelele," nikamwambia.

Hakuniuliza tena. Jioni tulitia nanga Mombasa, akapelekwa hospitali, wakamkata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Sisi tuliobaki tulipangwa mistari sitahani. Kamanda alitangaza kwamba zoezi limekamilika vizuri kuliko alivyotarajia, akaniita mbele, akawaambia wote watazame baharia anayejua maana ya amri. Walipiga makofi na vigelegele vya kiume. Wale wa pwani niliowapasua midomo nao walinipigia makofi. Tepe nililishona mwenyewe, na sindano ilinichoma mara nyingi.

Yeye alirudishwa nyumbani mapema. Mimi nilimaliza mkataba wangu, nikashuka Shinyanga nikiwa na sanduku la bati na tepe begani. Njia nzima ya kwenda Didia nilikuwa nikijiandaa kwa matusi, labda kwa kikao cha nsumba ntale, labda kwa rungu. Badala yake nilipokewa kwa ngoma. Mama yake ndiye aliyekuwa mbele. Alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Ameniambia ulimtoa kwenye maji. Gogo halina macho, lakini wewe umenirudishia uhai wake."

Kwa hiyo hakuwa amemwambia mtu. Nilikunywa maziwa yale yote, nikamrudishia kibuyu kitupu. Mwenzangu alikuwa ameegemea ukuta wa zizi. Nikamsalimu, "Mwadila," naye akaitikia kama anavyoitikiwa mgeni, akaondoka kwenda kutazama ng'ombe. Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo, tukipishana kwenye mbuga ile ile, salamu na njia.

Kisha kikaja kiangazi, na siku ya kuuza pamba. Kijiji kizima kilibeba mizigo kwenda mnadani tangu alfajiri. Mimi nilibaki na ng'ombe wa baba kwenye ngitili, malisho tunayoyatunza kwa ajili ya ukame. Mchana jua likiwa kali watu watatu walitokea kwenye miiba, wawili wana mapanga, mmoja ana mkuki. Walianza kuwaswaga ng'ombe kama wa kwao.

Nilimrukia wa kwanza kwa rungu, nikampasua paji la uso. Wa pili alinikata begani, nikaanguka. Nilipokuwa chini nilifahamu kwamba kati yangu na mnadani hapakuwa na mtu, isipokuwa nyumba moja ya jirani ng'ambo ya mbuga, na aliyebaki katika nyumba ile ni mtu ambaye hawezi kubeba gunia la pamba. Yeye peke yake ndiye angesikia. Asipokuja, hakuna ambaye angejua kwamba alisikia.

Nilipiga mwano. Niliona aibu kuupiga, lakini niliupiga.

Sikuhitaji kuupiga mara ya pili. Alikuja mbio kupitia mbuga iliyokauka, rungu mkono wa kushoto, na mwenye mkuki hakuwahi kugeuka. Nilisikia taya lake likivunjika. Yule wa panga aliyenikata alimrukia, mwenzangu akakinga kwa ule mkono uliokatwa, panga likazama kwenye kigutu, naye akampiga rungu la gotini mpaka mguu ukapinda upande usiopindia. Alimpiga tena akiwa chini, na tena, mpaka nilipomwambia inatosha. Niliyempasua paji alishakimbia, na mwenye mkuki akamfuata huku ameshika taya. Yule aliyevunjwa mguu alijikokota kwa mikono kuingia kwenye miiba, akiacha mburuzo wa damu, na hatukumfuata.

Tulibaki tukihema. Alifunga kigutu chake kwa kitambaa akitumia meno. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma.

"Siku ile," alisema, "uliusikia?"

Ng'ombe walikuwa wameshaanza kula tena. Nikamwambia, "Niliusikia. Mara zote tatu."

"Nilijua. Weka mkono wako hapo."

Alinionyesha kisiki. Nikapiga magoti, nikaweka mkono wa kulia, ule wa komeo. Alilishusha rungu mara moja tu. Mifupa ya kiganja ililia kama fito kavu, nikaanguka kifudifudi, nikauma nyasi. Aliniacha hapo akaenda kuwakusanya ng'ombe wa baba. Aliporudi alinishika kwapani, akaninyanyua, akinitukana kwamba bado mimi mzito.

Mama yake alirudi mnadani akatukuta uani kwake, wote wawili tunavuja damu. Alimfunga mwanawe kwanza, huku tukimweleza habari ya wezi. Kisha akachukua vijiti na kitambaa, akaushika mkono wangu.

"Hao wezi wamekufanya nini huku?"

"Ni wezi tu, mama," alisema mwenzangu haraka.

Alikuwa ananificha tena, kama alivyonificha mwaka mzima, na hilo sikuliweza. Nikamwambia mama yote: mlango, komeo, tepe, mwano mara tatu. Hakuacha kufunga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akizungusha kitambaa, na nilipofika kwenye ule mwano uliokatikia majini akavuta fundo kwa nguvu zake zote. Nikapiga kelele. Haukuwa mwano, na wote watatu tulijua.

"Nenda kwenu," aliniambia alipomaliza. "Hapa utarudi nitakapokuita."

Mwanawe tunachunga naye pamoja hadi leo, mimi na kiganja kisichofumba, yeye na kigutu chake, na tukigombana tunagombania maji ya ng'ombe tu. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, ng'ambo ya mbuga. Jioni nilikuwa namsikia akiwaita mbuzi, akiwaita wajukuu, akiita majirani waje kula. Mimi hakuniita.