Mchumba Wangu Alibadilisha Kadi ya Kompyuta Yangu, Akaniacha Niamini Mimi Ndiye Mzito

Admin, nimesoma visa vya wenzangu hapa siku nyingi nikiamini changu hakitafika. Leo kimefika. Jina langu tafadhali libaki kwako, maana hata wagonjwa wangu wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, muuguzi, kwetu Singida. Nilipangiwa kazi huku Kemambo, wilaya ya Tarime, huu ni mwaka wa nne. Nimekua na kaka watatu, kwa hiyo gemu nimecheza tangu mdogo, na nyumbani nilikuwa nawafunga wote. Najua wapo watakaocheka mwanamke mzima kupenda gemu. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Mchumba wangu nitamwita Mwita. Ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Susuni, anaishi Tarime mjini na mama yake. Kilichotukutanisha ni kompyuta. Nilitaka kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, bajeti ndogo, sijui nianzie wapi. Yeye alikuwa nayo tayari. Miezi mitano tulikaa na daftari tukichagua kifaa kimoja kimoja.

"Keisi, lile kasha la nje, chukua iliyotumika, keisi haichezi gemu," aliniambia. "Prosesa ya wastani inatosha. Pawa saplai usibahatishe, umeme wa huku ukikatika unarudi kwa kishindo. Hela yote itakayobaki iende kwenye kadi ya grafiksi. Hiyo ndiyo inayobeba gemu."

Nikafuta monita kubwa kwenye orodha. Nikafuta kibodi yenye taa. Krismasi sikwenda nyumbani. Yote ili kadi iwe nzuri. Na siku tuliyokubaliana ni kadi gani, ndiyo siku Mwita aliniambia anataka kunioa. Nilijiona nimepata mwanaume anayenielewa.

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Mwanza. Boksi la kadi nililifungua mwenyewe, nikaipiga picha pande zote nikawatumia kaka zangu. Kwa vile nilikuwa na zamu, nilimwachia Mwita aviunganishe kwake. Jumapili akaniletea kompyuta inawaka vizuri. Nilimkumbatia mbele ya majirani.

Lakini gemu lilikuwa linakwama. Gari ninaliendesha, ghafla picha inaganda, nikishtuka nimeshagonga ukuta. Kwake gemu lilelile linateleza kama maji. Nilipouliza, akasema, "Tatizo si kompyuta, ni mikono yako mizito. Gemu linataka wepesi." Nikiomba nijaribu kwenye yake, anakataa, eti nitamharibia setingi. Siku moja alikuja kwangu na walimu wenzake wawili, akanikalisha nicheze. Wakacheka mpaka wakaniita Mama Taratibu. Na mimi nikacheka nao. Miezi minane niliamini kwamba nimezeeka, kwamba kazi imenichosha, kwamba kaka zangu zamani walikuwa wananiachia tu nishinde.

Mwezi uliopita kompyuta ikawa inazimika. Mwita alikuwa kwenye semina Musoma, nikaibeba mwenyewe hadi kwa fundi Tarime mjini. Akaifungua, akaniangalia.

"Dada, kadi hii nani kakuuzia? Ni ya zamani sana, na feni yake imekatika jani."

Nikamwambia haiwezekani, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasogeza picha, akalinganisha namba, akatingisha kichwa. "Kadi ya kwenye picha ni nzuri. Ila siyo hii."

Niliiacha kompyuta palepale kwa fundi. Nikaenda kwa kina Mwita. Mama yake nikamsalimia shikamoo, akaniitikia kwa furaha kama kawaida, akaanza kunichemshia chai. Nikaomba kuangalia kompyuta ya mwanawe. "Ingia mwanangu, hapa si kwako?" Nikafungua keisi kwa bisibisi niliyopewa na fundi. Kadi yangu ilikuwa imekaa humo ndani. Namba ni zilezile za kwenye picha.

Sikuondoka. Mwita alirudi kutoka Musoma alasiri ile, akanikuta nimekaa sakafuni, keisi iko wazi. Hakukana. Alikaa kitandani akasema, "Nilikuwa na mashindano ya gemu. Nikaweka ile yangu ya zamani kwako kwa muda tu, baadaye nikaona aibu kukwambia. Lakini si tunaoana? Vyote vitakuwa vyetu."

"Kama ni vyetu, kwa nini ulinificha?"

Akainama, akaanza kuokota skrubu za keisi sakafuni.

"Na ile mikono mizito? Ulikuwa unajua, Mwita. Ulileta watu wanicheke na ulikuwa unajua."

Akasema, "Ilikuwa utani. Usivunje nyumba kwa sababu ya kifaa."

Niliichomoa kadi yangu mbele yake, nikaiviringisha kwenye kanga, nikaondoka bila kunywa chai ya mama. Fundi akaifunga. Jioni ile nyumbani gemu liliteleza, nikashinda mbio tatu mfululizo. Halafu nikalia kama mtoto. Kukwama kote kule, kumbe sikuwa mimi.

Sasa Mwita amemwambia mama yake kwamba nimeharibu kompyuta yake kwa hasira. Mama amenipigia ananisihi, "Mwanangu, msamehe, ni chombo tu." Nesi mwenzangu anasema wanaume wana makosa mabaya kuliko hayo, hajanipiga, hana mwanamke nje. Mwita mwenyewe ameomba msamaha mara moja, kwa meseji, na ndani ya meseji hiyohiyo akaandika kuwa nimemdhalilisha.

Mahari imeshapokelewa Singida. Kikao cha harusi kimeshakaa. Baba yangu ni mzee wa shamba, kompyuta hajawahi kuigusa. Kila nikishika simu nimweleze, naona maneno hayatoshi. Nitamwambiaje kwamba mtu aliweza kuniangalia usoni miezi minane, akaniona najidharau, akanyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa?

Mlioko kwenye ndoa, nawasikiliza ninyi zaidi. Ninakuza jambo dogo, au nimeonyeshwa mapema? Niambieni ukweli hata kama utaniuma. Nitasoma kila mtakachoandika.