Kunde Zangu za Juani

Mama mkwe wangu alikuwa ametangaza kijijini kwao Bungoma kwamba mke wa mwanawe karani hajui kukausha kunde. Aliposema atakuja kwetu Kimumu Jumapili, nikaapa atameza maneno yake. Kumbe mvua nayo ikanyesha wiki nzima!

Nikaikumbuka kuka yetu, lile jiko la stima. Ilikuwa na oveni, lakini sisi tuliifanya kabati la sufuria. Nikazitoa sufuria, nikatandaza majani ya kunde kwenye trei, moto nikauweka wa chini kabisa.

Jumapili Mama alikula, akaongeza.

"Hata mchanga hakuna! Ulianika wapi na mvua hii?"

"Juu ya mabati, Mama. Huku jua hutoka asubuhi kidogo."

Kichwa kikanivimba. Nikaanza hata kumfundisha jinsi ya kuzigeuza juani! Yeye akainuka, akaosha vyombo, akabeba sufuria.

"Hizi najua zinakaa wapi," akasema, akafungua oveni.

Trei mbili za kunde zikamtazama, bado zina joto. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akachukua jani moja, likavunjika kwa mlio safi.

"Mama Wafula," akaniita polepole, "hili jua lako litatosha kukausha uyoga wangu?"