Ramani ya Mkonge

Siku mama wa mwanafunzi wangu mmoja aliponiambia ameshanunua sanduku, nilikasirika hata nikasahau kumjulia hali. Lilikuwa sanduku la bati, la kwenda nalo bweni. Binti yake, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa kwangu Gredi ya Tano hapa Gatitu, na mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba somo la ramani likimshinda muhula huu, atahamishiwa shule ya wasioona, mbali na nyumbani. Shule yenyewe si mbaya. Lakini mtoto hakutaka kuondoka, na mama hakutaka aondoke, ila alikuwa amekata tamaa mapema.

Mimi ni mbishi. Nilichukua kartoni nimtengenezee ramani ya kupapasa, nikabandika maharagwe yakawa milima na mahindi yakawa barabara, nikajisifu sana katika chumba cha walimu. Jumatatu nikakuta panya wamekula barabara yote ya Nanyuki na kuacha gundi. Wenzangu walinicheka wiki nzima, wakiniuliza kama wasafiri wamefika.

Ikabidi nianze upya. Mamake mtoto husuka viondo akishamaliza kuuza mboga, kwa hiyo nikamwomba kamba za mkonge. Zile nyembamba zikawa mito, nene zikawa barabara, na mafundo yakawa miji: Othaya, Nyeri, Naro Moru. Mlima tunaouona kutoka shuleni niliufinyanga kwa udongo. Msichana aliipapasa ramani hiyo kila mapumziko, midomo ikimchezacheza, wenzake wakiwa nje na mpira.

Mwalimu mkuu akaja kumpima mwenyewe. Aliwataka wote waonyeshe kwa mkono Naro Moru iko upande gani kutoka pale walipoketi. Darasa zima likanyoosha mikono kuelekea ubaoni, kwa kuwa ramani ya ukutani imetundikwa hapo na Naro Moru iko juu. Msichana wangu hakunyoosha mkono. Aliweka vidole juu ya mlima wa udongo. Niliomba kimoyomoyo aseme chochote.

Kisha akaizungusha ramani yote juu ya dawati.

"Mbona unaigeuza?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ilikuwa imekaa vibaya," akasema. "Mlima iko upande ya dirisha. Asubuhi baridi inatokanga huko. Sasa Naro Moru iko huku nyuma yangu."

Mwalimu mkuu, ambaye kwao ni Naro Moru na huenda huko kila Ijumaa, alitazama ubao, akatazama dirisha, akacheka mpaka akavua miwani. Wanafunzi hawakuamini hadi nilipowatoa nje wakauona mlima wenyewe. Nami niliringa waziwazi, sikuona haya.

"Huyu anakaa," mwalimu mkuu aliniambia mlangoni. "Na hao wengine pia uwatengenezee ramani kama hiyo."

Nilimpigia mama wa msichana simu papo hapo. Akasema asante, akakata.

Asubuhi iliyofuata nikamwona akiingia langoni, sanduku mgongoni. Nilidhani amebadilisha nia, nami nikajiandaa kugombana naye. Akalitua mbele ya kabati langu, akalifungua. Halikuwa na kitu ndani.

"Weka ramani hapa, mwalimu," akasema. "Hii panya hawawezi."