Friji la Mjomba Laingia Usaili

Mtaa ule ukiuliza nani ana mdomo unaofanya kazi kuliko miguu, hata mgeni wa jana atakuonyesha nyumba ya fundi cherehani, na kwenye kaunta ya mbele atakuonyesha binti yake. Jina la shuleni analo, ila halina kazi. Wote humwita Chiriku. Wanasema alianza kuongea kabla hajatambaa, na alipojifunza kutembea ilikuwa ili awafikie watu wa kuongea nao.

Chiriku huyo alikuwa anamalizia chuo cha biashara, na chuo kile kina sharti moja gumu: bila mafunzo kazini cheti hakitoki, hata ufaulu mpaka walimu wakuonee wivu. Sasa supamaketi kubwa ya mjini ikatangaza nafasi ya mwanafunzi wa umeneja. Nafasi moja, waombaji tele. Akiikosa, angekaa mwaka mwingine nyuma ya kaunta ya mama yake akipima viuno vya watu, huku wenzake wanavaa majoho.

Barua ya maombi ilipita, akaitwa kwenye usaili. Mwalimu wa chuo akawaonya mapema. Siku hizi, alisema, hawakuulizi kama wewe ni mchapakazi, maana hakuna mvivu aliyewahi kukiri. Wanakuambia, tusimulie siku ulipokutana na mteja mkorofi. Tusimulie siku uliyovuruga mambo. Nawe ujibu kwa kisa: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, mwisho ukawaje.

Chiriku alirudi nyumbani anacheka peke yake. Kumwambia yeye asimulie kisa ni kumtisha samaki kwa maji.

Ila nyumbani alimkuta mjomba.

Mjomba, kaka mkubwa wa fundi, alikuwa msimamizi wa duka la vyombo vya umeme mpaka alipostaafu. Duka lilifungwa zamani, usimamizi haukufungwa. Akiingia dukani kununua kiberiti lazima awapangie rafu. Aliposikia habari ya usaili alivuta kiti, akavua kofia, akaiweka kwenye goti kama mtu anayeanza zamu.

"Nipe swali," alisema.

"Mjomba, wa kuulizwa ni mimi."

"Utaulizwa baadaye. Kwanza usikie jibu linavyotoka kwa mwenyewe."

Chiriku akamuuliza kuhusu wateja wanaogombana, na hapo ndipo friji lilipoingia sebuleni. Friji la mjomba lilikuwa maarufu ukoo mzima. Siku ya punguzo la bei, friji la mwisho limebaki, wateja wawili wamelishika, mmoja mlango, mwingine mgongo, hakuna anayeachia. Mjomba hakupiga kelele. Alitoa futi ya kupimia mfukoni, akauliza kwa upole, "Mlango wa jikoni kwako una upana gani?" Mmoja alijua. Wa pili akababaika, akatumwa kwao akapime, akakuta mlango mwembamba. Akarudi akanunua dogo, na shukrani juu.

"Zamani walikuwa wateja wawili," mama aliongea sindano zikiwa mdomoni. "Mwaka juzi wakawa wanne. Pasaka iliyopita alikuwepo na askari."

"Dada, wewe shona," mjomba alijibu. "Kisa ni kama unga, usipoukoroga unashika chini."

"Nami nina visa vyangu," alisema Chiriku.

"Unavyo. Vya vifungo na zipu. Mpwa wangu, unakwenda kuomba umeneja, halafu uwasimulie habari ya pindo? Chukua friji. Nimekupa. Urithi huo, wengine huachiwa mashamba."

Tusimlaumu Chiriku. Friji lilikuwa kisa kizuri, nao mdomo mzuri hupenda kisa kizuri. Wiki nzima mjomba alikuwa meneja, yeye mwombaji. Alimfundisha pa kunyamaza, pa kutabasamu, na namna ya kutoa futi ya hewani mfukoni. Akisema "nilijitahidi kuwatuliza," mjomba alimkatiza, "Kujitahidi kunafanywa na walioshindwa. Sema uliwatuliza." Kwa hilo, mzee alisema kweli. Mwisho wa wiki Chiriku alikuwa analisimulia friji vizuri kuliko mwenye nalo, na mwenye nalo alikubali kwa shida.

Siku ya usaili aliingia supamaketi kwa mlango wa nyuma, shati limepigwa pasi na fundi mwenyewe, roho imetulia tuli. Walimkalisha kwenye ukumbi mwembamba kati ya ofisi na stoo, penye makatoni ya sabuni mpaka darini na harufu ya limau ya kukupalia. Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka mtoto wa kinyozi wa mtaani kwao, kijana wa tai ndefu wanayemwita Profesa kwa sababu ya miwani isiyo na namba.

"Wamekuulizaje?" Chiriku alimnong'oneza.

"Wateja wagomvi. Nimewamaliza," alisema Profesa, akanyoosha tai. "Nimewapa friji."

"Friji gani?"

"La mjomba wako. Alinipa juzi nikimnyoa. Alisema mtu mwenye kisa asiwe mchoyo."

Chiriku alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona msichana wa viatu vyekundu, kwenye kiti cha mwisho, midomo inacheza bila sauti. Mkono wa msichana ukashuka mfukoni taratibu na kutoa kitu kisichoonekana. Futi.

"Samahani, dada," Chiriku alimwita. "Mzee mwenye kofia?"

"Anacheza drafti na baba," alijibu yule msichana. "Unamjua?"

"Kidogo."

Akaitwa msichana wa viatu vyekundu, Chiriku akabaki na sabuni. Kwanza alikasirika. Akapanga maneno ya kumwambia mzee, mengine hayaandikiki. Kisha, ndivyo alivyoumbwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea katoni. Alipomaliza akajiuliza swali ambalo wiki nzima hakuachiwa nafasi ya kujiuliza: mimi mwenyewe nimewahi kufanya nini? Jibu lilikuja haraka. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa la kwake.

Ofisini kulikuwa na watu wawili. Meneja, mama mmoja mwenye sauti ndogo na kalamu nyekundu, na bwana wa utumishi aliyeonekana kuchoka tangu asubuhi.

"Tusimulie siku ulipowatuliza wateja waliokuwa wanagombania bidhaa," alisema meneja.

"Nikianza na friji mtanifukuza?"

Bwana wa utumishi aliinua kichwa. Meneja aliweka kalamu chini. "Na wewe?"

"Mimi ndiye mpwa wa mwenye friji. Wale wengine wameazimwa."

"Aliyetangulia alikuwa na askari," alisema bwana wa utumishi.

"Hilo ni toleo jipya," Chiriku alimjibu, na mtu aliyechoka akacheka mpaka akatafuta leso. Meneja hakucheka. "Basi tupe cha kwako," alisema.

Chiriku akawapa. Mama yake hushona sare za shule. Mzazi akileta kipimo, huacha shati kuukuu la mtoto. Sare ikiisha kushonwa, fundi huifungia ndani ya shati lile lile, na mzazi akija hataji jina, hunyoosha kidole kwenye shati la mwanawe. Miaka yote hakuna aliyekosea. Sasa Chiriku, ametoka darasani amejaa habari za kupendezesha kaunta, akaona yale mashati yenye wino na viraka yanaaibisha duka. Mama akiwa sokoni kununua nyuzi, aliyavua yote, akayatupia gunia moja, na sare akazipanga kwenye mifuko ya plastiki inayong'aa. Kaunta ikapendeza kweli.

"Wiki ya kufungua shule wakaja wote pamoja," alisema. "Sare zote bluu, mifuko yote sawa. Wamama wawili wakashika mfuko mmoja. Nyuma yao mwingine anafungua mifuko sakafuni."

"Wewe ulifanya nini?" aliuliza meneja. "Si fundi. Wewe."

"Nilipanda kwenye kiti nikasema kosa ni langu, fundi hana hatia, na hakuna atakayeondoka bila sare ya mtoto wake. Waliokuja na watoto nikawapimisha kwanza ili wapungue. Waliobaki nikawamwagia gunia kwenye benchi, kila mtu atafute shati la mwanawe. Nikalaza shati kuukuu juu ya sare mpya, moja moja. Mama huongeza urefu wa kidole kwa ajili ya kukua, basi nikatafuta inayozidi kwa kidole."

"Wote wakapata?"

Hapa mjomba angesema wote walipata, wakaimba. Chiriku akavuta pumzi.

"Mmoja alipewa isiyo yake. Jioni nilimpelekea ya kwake nyumbani na kuomba radhi. Aliipokea, ila hakurudi tena dukani. Siku hizi anashona kwingine. Tukikutana namsalimia, ananiitikia, basi."

"Na mifuko?"

"Ipo. Shati kuukuu linakaa ndani, mbele, lionekane. Na kabla ya kubadilisha kitu, siku hizi namuuliza mwenye kazi kwa nini alikiweka hivyo."

Kalamu nyekundu ikaandika kitu kirefu. Bwana wa utumishi akauliza mengine mawili matatu, Chiriku akayajibu kama mtu anayekula karanga. Alitoka pale anajua amesema kweli yote, na kwa mara ya kwanza maishani alitembea mpaka nyumbani kimya.

Siku simu ilipopigwa, mjomba alikuwa kwenye kiti chake akieleza kwa nini si kosa lake. "Niliwapa wengine ili wewe ung'are," alisema. "Taa haiwashwi mchana."

"Kaka, una maneno," alisema fundi, mguu kwenye cherehani.

Simu ikaita. Cherehani ikasimama. Chiriku aliitikia "ndiyo" na "asante" tu, jambo lililomtisha mama yake kuliko msiba. Kisha akakata.

"Naanza Jumatatu," alisema. "Idara ya nguo za watoto. Meneja anasema mwaka jana kila msimu wa shule walikuwa wanavurugikiwa, anataka nikae na wapanga rafu nisikilize kwanza."

Fundi aliinuka, akamkumbatia bintiye na futi ikiwa bado shingoni. Mjomba aliomba asimuliwe alichosema mle ndani, neno kwa neno. Akasikiliza bila kukatiza hata mara moja, halafu akavaa kofia, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Chiriku alimuuliza.

"Kwa kinyozi. Yule mdogo wake Profesa ana usaili wa benki."

"Mjomba, hicho kisa ni changu."

"Ndiyo. Namwazima tu."

"Basi usimwondoe yule mama ambaye hakurudi."

Mjomba alisimama kizingitini akafikiri, akaonekana kabisa ameumia kitaaluma.

"Simwondoi," alisema. "Ila atarudi. Na dada zake watatu."